Mito ya Manyoya ya Bi Bata

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na vitanda kama sisi, aliishi mjane mmoja, Bi Bata, peke yake kando ya bwawa. Kila alipojilaza mchana, Nyegere alimvamia, akambana chini, akamnyonyoa. Nywi! Nywi! Manyoya akayatia kwenye mito, akaiuza sokoni.

Majirani walikuja kumpa pole.

"Kumnyonyoa mwenzako ni dhambi, dada!" alinguruma Nyati, machozi yakimtoka.

"Alaaniwe!" aliitikia Ngiri.

Wakanywa uji wake, wakaenda zao.

Masika yakakaribia, naye Bi Bata kabaki na manyoya ya kifuani tu. Siku moja alikwenda kumsalimia Nyati. Dirishani akauona mto mnono kitandani, na unyoya mweupe wenye doa la kahawia umechomoza kwenye mshono. Wake! Hakubisha hodi. Alirudi nyumbani akalia, hana hata wa kumwambia, maana wa kuwaambia ndio hao hao.

Asubuhi alijinyonyoa mwenyewe yale yaliyobaki. Akayajaza kikapuni, akayakung'utia upupu kwa kijiti, akakiacha kikapu mlangoni.

"Lo! Leo hata sitoki jasho!" alicheka Nyegere. Ngozi yake mkuki haupenyi, sembuse upupu. Akashona, akawauzia wateja wake wale wale.

Siku ya tatu Bi Bata, uchi na baridi ikimtetemesha, aliitisha baraza.

"Jamani, huyu mnyonyoaji..." alianza Nyati. Kwaru! Kwaru! Akajikuna shavu.

"Una nini, kaka?"

"Mbu tu, dada."

"Na wewe, Ngiri?"

"Jo... joto!" Kwaru!

"Joto la shavu moja? Shavu la kulalia? Huo ni upupu, niliutia mimi kwenye manyoya yangu."

Baraza zima zikasikika kwato zikikuna.

"Mimi sikukunyonyoa," alilalama Ngiri. "Mto niliukuta umeshashonwa. Nisingenunua mimi, angenunua mwingine."

"Na huyo mwingine akiulizwa, atakutaja wewe."

Nyati aliinamisha pembe. "Mimi nilijua, dada. Lakini nikishaweka kichwa tu, nasahau."

Siku hiyo hiyo mito ilirudi, ikarundikwa mlangoni pake. Nyegere alikosa mnunuzi, akahama.

Manyoya ya Bi Bata yakaota upya. Ila uji alipika wa kikombe kimoja, kwa kuwa majirani waliona haya kubisha hodi, naye hakuwaita.

Basi wanangu, anunuaye cha dhuluma ni mdhulumu pia, hata akimlilia aliyedhulumiwa.