Dirishani Hakuna Shangazi

"Dirishani hakuna shangazi." Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka, kisha mkataka kujua ilikotoka. Basi methali hii ilianza hivi, hapa hapa milimani Upare, na aliyeitamka ndiye aliyeumizwa nayo kwanza.

Nakijwa alikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa tangawizi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na shangazi yake, Mama Elibariki. Mwaka ule mnunuzi mkubwa kutoka mjini alikubali kuchukua tangawizi yote ya kijiji kwa sharti moja: kila mkulima awe na akaunti chamani. Siku ya mwisho ya kujiandikisha, asubuhi, shangazi akashuka mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mikono mitupu.

"Niandike, mwanangu."

"Kitambulisho kiko wapi, shangazi?"

Shangazi akaigeukia foleni. "Mnamsikia? Mtoto niliyemwogesha ananiuliza mimi ni nani."

"Mwandike tu, Nakijwa," mtu mmoja akadakia. "Hapa nani asiyemjua?"

Nakijwa alikuwa ameshashika kalamu, na moyo ulimuuma. "Jana nimemrudisha Mzee Kiondo kwa jambo hili hili. Nikikuandika wewe, yeye nitamwambia nini?"

"Mwambie mimi ni shangazi yako." Akaondoka bila kuaga.

Mchana ule Nakijwa alikuwa akiitazama njia ya mlimani kila mara. Dirisha la kuandikishia wanachama lingefungwa saa kumi. Shangazi asiporudi, tangawizi yake ya mwaka mzima ingeishia kwa walanguzi, kwa bei ya kutupa. Tena Nakijwa anatujua Wapare: tukinuna, tunanuna mpaka msibani.

Saa tisa na nusu shangazi akatokea, jasho linamtiririka, kopo la maziwa ya unga kwapani. Hakusalimu. Akafungua kopo, akatoa kitambulisho cha taifa kilichoviringishwa kwenye kitambaa, akakisukuma dirishani. Nakijwa akakisoma, akarudia kukisoma.

"Shangazi, hapa pameandikwa Nakijwa Mbwambo."

"Ndilo jina langu."

"Si ndilo langu mimi?"

"Ulipozaliwa, baba yako alikupa jina langu. Mwezi uliofuata nikamzaa Elibariki, watu wakaanza kuniita kwa mwanangu, basi lile nikakuachia utumie."

"Siku zote nilidhani ni la bibi."

"La bibi nililirithi mimi kwanza. Wewe umelipata kwangu."

Nakijwa akaiweka kalamu chini. "Asubuhi ningekuandika Elizabeti, kama wanavyokuita kanisani."

"Hilo ni la ubatizo. Humo halimo."

"Ndiyo hivyo. Malipo ya tangawizi yangemtafuta Elizabeti, na wewe ungekuja na kitambulisho cha Nakijwa. Ningekunyima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nakujua sana."

Shangazi akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka mabega yakatikisika, na Nakijwa naye akacheka huku machozi yanamtoka. Alifurahi kuliko siku aliyopewa kazi. Akanakili jina na namba, akalinganisha picha na uso uleule aliouona kila asubuhi ya utoto wake, akamsogezea wino. Shangazi akaweka dole gumba, akapewa kitabu chake cha uanachama, akaenda kukaa kwenye benchi apumzishe miguu.

Zilibaki dakika kumi alipoingia mwenyekiti wa kijiji, mikono mfukoni. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya barabara.

"Nakijwa, niandike haraka. Wewe unanijua."

Kabla karani hajafungua mdomo, sauti ikatoka kwenye benchi.

"Kakilete kitambulisho, mwenyekiti," alisema Mama Elibariki, akijifuta wino kidoleni. "Dirishani hakuna shangazi."