Giza la Kisima cha Nne

Mtu mmoja alikuwa na visima vitatu, na hata kimoja hakikuwa na maji. Jina lake Chedego, mkulima wa Ugogo, katika nchi ambayo mvua huaga kabla mtama haujakomaa. Katika cha kwanza alikutana na mwamba. Cha pili kilitoa tope siku mbili, kikakauka. Cha tatu kilitoa mchanga tu. Majirani wakaacha kumwita kwa jina lake, wakawa wanamwita Baba Mashimo. Wengine walimpa pole. Subira huvuta heri, walimwambia, huku wakijitwika ndoo zao na kwenda zao.

Mkewe alikuwa akitoka alfajiri kufuata maji korongoni na kurudi jua likiwa kali, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Akamwambia mumewe waziwazi kwamba kisima cha nne nacho kikiwa kikavu, atachukua watoto arudi kwao, ambako kuna bomba. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, maana hasira hupoa.

Basi Chedego akaanza cha nne, na kamba ikashikwa na Mazoya, kaka yake wa tumbo moja.

Hapa lazima muielewe kazi yenyewe. Anayechimba hufungwa kamba kiunoni akashuka. Anayeshika kamba hukaa nyuma, hatua sita kutoka mdomo wa kisima, na hasogei ukingoni ovyo. Akisogea, udongo humwagikia aliye chini. Akiinama kuchungulia, mwili wake huziba ule mwanga kidogo ambao mwenzake anaufanyia kazi. Kwa hiyo aliye chini hamwoni aliye juu, na sauti ya aliye juu, akiwa kule nyuma, haimfikii. Maneno yao ni ya kamba: mvuto mmoja, inua ndoo, miwili, ngoja, mitatu, nitoe. Chedego aliijua sheria hii vizuri. Ndiye aliyewafundisha wengine.

Siku ya tisa, akiwa chini urefu wa watu saba, kipande cha ukuta kilimeguka kikamfukia mpaka magotini. Akavuta kamba mara tatu. Kimya. Akavuta tena mara tatu. Kamba ikalegea, ikakaza, ikalegea tena, wala haikumpandisha hata shibiri moja. Akapiga kelele, akaita, “Kaka! Kaka Mazoya!” Kilichomrudia ni sauti yake mwenyewe, imekuwa nzito kama ya mtu asiyemjua. Akatazama juu. Aliona duara la mbingu, dogo, jeupe, halina uso wa mtu.

Nami nashangaa, ndugu zangu, jinsi hofu inavyomnyang'anya mtu hata yale aliyokuwa akiwafundisha wenzake. Chedego alisahau kwamba uso wa kaka yake haupaswi kuonekana pale. Alichokumbuka ni ule mwamba, lile tope, ule mchanga, na jina la Baba Mashimo. Akasema moyoni kwamba kaka yake amechoka naye kama wengine walivyochoka. Kisha akawaza kwamba labda ameanguka na kufa huko juu. Kisha akawaza kwamba labda hapakuwa na mtu tangu asubuhi. Mawazo hayo matatu hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini yeye aliyaamini yote kwa pamoja. Nani kati yetu hajawahi kuamini hivyo?

Akaifungua kamba kiunoni. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la fundi, maana mgeni wa kazi asingethubutu. Akachomoa miguu, akaanza kupanda kwa vile vishimo vya kukanyagia alivyovichonga ukutani. Alipanda urefu wa watu wawili. Ukuta ukameguka tena, naye akaanguka nao, na safari hii udongo ulimfika kifuani. Hakuweza hata kuinua mikono.

Halafu mwanga ukapotea.

Lile duara la mbingu, kitu pekee alichokuwa amebaki nacho, lilizibwa ghafla, na mchanga ukaanza kumdondokea usoni. Chedego akajua kisima kinafunga. Hakuita tena. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu aliacha. Alifumba macho akangoja uzito wa mwisho, akilini mwake hamna sala wala wimbo, mna vurugu tupu.

Uzito haukuja. Ulikuja mkono, ukampapasa uso, ukamfuta mchanga mdomoni. Lile giza lilikuwa mwili wa Mazoya ukishuka.

Huko juu mambo yalikuwa hivi. Kamba ilikuwa imekata ukingo wa kisima, na kama Mazoya angevuta pale Chedego alipoomba kuvutwa, mdomo wote ungemwangukia. Kwa hiyo alijifunga kamba ile kiunoni mwake, akaenda kuburuta gogo alilaze juu ya kisima ili kamba isiule ukingo. Kila hatua aliyopiga ndiyo iliyolegeza na kukaza kule chini. Gogo lilipokaa sawa, kamba ilikuwa imeshakuwa nyepesi. Akaifunga kwenye gogo, akashuka nayo.

Alimfukua mdogo wake kwa vidole. Chedego alipopata pumzi akalia kama mtoto, akamuuliza kwa nini hakumjibu. Mazoya akasema, “Nilikusikia mara zote, mdogo wangu. Kamba ilipokuwa nyepesi, hapo ndipo nilipoogopa.”

Akamfunga kamba tena, akamtanguliza kupanda kwa kuishika, yeye akapanda nyuma yake, kichwa chake kikiwa chini ya nyayo za mdogo wake, ili akiteleza amwangukie yeye.

Najua mnataka kuniuliza habari ya maji. Hayakupatikana. Kisima kile kilifukiwa bila kutoa hata tone, na mwezi uleule mke wa Chedego alikwenda kwao na watoto, kama alivyosema. Ningependa kuwaambia vinginevyo. Chedego akabaki amechanganyikiwa, maana alikuwa ameshindwa kabisa, na wakati huohuo alikuwa amefuatwa mpaka chini, wala hakujua aanze na lipi, kulia au kushukuru. Watu walimwona akifanya yote mawili shambani, jembe mkononi, na wakasema amerukwa na akili.

Mimi nami sina la kuwafafanulia sana. Lile neno la Mazoya nimelibeba miaka mingi na bado linanisumbua. Nikimtazama Mazoya namwona Mungu, lakini nilifundishwa kwamba Mungu haogopi kitu. Sasa huyu aliyesikia kelele zote asitetereke, akaja kuogopa pale tu mtu wake alipoacha kuvuta kamba, nimweke wapi? Sijui. Najua tu kwamba alishuka.

Basi nawauliza, nami nikiwemo: hilo giza lililokushukia, umejuaje kwamba ni kisima kinachofunga, na si mgongo wa anayekufuata?