Firigisi Moja, Midomo Mitatu

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mashine za kupiga picha ubongo zilikwishakuja, Pemba palikuwa na msuka mikeka aitwaye Mize. Kila siku wifi yake, Raya, aliukagua ukili wake, ule msuko mwembamba unaoshonwa kuwa mkeka, akitafuta kosa la kucheka. Hakulipata.

Siku moja akalipata. Ukili umelegea upande mmoja, rangi zimerukana. Raya akautembeza mtaa mzima, akicheka. Kesho yake ukalegea zaidi, upande uleule. Raya akaacha kucheka, akamwendea kaka yake, Faki, mume wa Mize.

"Kaka, huu si uvivu. Mkono wa kulia wa mkeo hauna nguvu. Na leo kaniita mama, kama hanijui!"

Wazee wakasema ni shetani, apungwe kwa ngoma.

"Shetani atasubiri," akasema Faki, akampeleka mkewe hospitali. Wakapewa vidonge vya kichwa, wakaambiwa warudi kwao. Faki akaketi mlangoni. "Siondoki. Kama yeye hamumpigi picha, nipigeni mimi!"

Mize akapigwa picha ya ubongo. Kiharusi kidogo. Lakini presha nzuri, sukari nzuri, na umri mdogo. Daktari Kidawa hakuridhika.

"Una madoa mwilini, bibi?"

Kwa haya, Mize akafunua miguu: madoa ya zambarau aliyoyaficha kwa miezi. Wakapima damu, wakapima na kipande cha ngozi.

"Ni ugonjwa adimu," akasema daktari. "Kinga ya mwili wako imeacha vijidudu, inaishambulia mishipa yako ya damu, mpaka ya ubongo. Tumewahi."

Mize akatumia dawa, mkono ukarudiwa na nguvu. Kwa furaha Mize akachinja kuku, akawaalika wote watatu. Sasa, firigisi hupewa mwenye heshima kuliko wote, na kuku ana moja tu.

"Nitilie mimi, wifi," akasema Raya. "Nani aliona mwanzo?"

"Wewe uliyemcheka mtaa mzima?" akasema Faki. "Mke wangu, bila ukaidi wangu ungekuwa unapigiwa ngoma hadi leo."

Daktari akatabasamu. "Shemeji, ulileta mgonjwa, ugonjwa niliujua mimi. Tena mimi ndiye mgeni."

Mize akainua upawa, firigisi ikiogelea ndani yake. Huyu analala naye, huyu wanapakana ukuta, huyu ndiye mwenye dawa zake. Sahani tatu zikasogea.

Haya, semeni upesi, mchuzi unapoa: je, nani alistahili?