Neno Moja la Bi Tandala

Paukwa!
Pakawa!
Nasema paukwa!
Pakawa! Mwaga, tukinge!

Hapo zamani za kale, wanyama wa upande huu wa mto walimchagua Bi Tandala awatawale. Wakamwambia, "Wewe kaa mlimani. Sheria tutatunga sisi huku bondeni, barazani usiingie. Ikikuudhi, sema 'sikubali', nayo itakufa."

Akapanda mlima peke yake.

Ng'ambo alitawala Ngiri. Yeye aliketi barazani, katikati ya wenzake waliomweka. Asubuhi hutoa neno, adhuhuri neno limekuwa sheria. Jioni vicheko vyao vilivuka mto, na Tandala akavisikia huku akitafuna majani makavu.

Kiangazi kikaja kikali. Tandala akamtuma Mbayuwayu bondeni: "Waambie watunge sheria, chemchemi ichimbuliwe."

"Tumesikia," likajibu baraza.

Akamtuma tena. "Tumesikia."

Akamtuma mara ya tatu. "Tumesikia, jamani!"

Hakuna aliyeshika jembe.

Siku moja Ngiri akapanda mlima, vumbi hadi masikioni.

"Hodi, dada."

"Karibu, kaka. Mbona huna watu?"

"Visima vyetu vimekauka. Baraza lililoniweka ndilo lililoniondoa, leo hii asubuhi. Lakini watoto wa kule wanakufa kwa kiu, dada."

Kabla Tandala hajajibu, Mbayuwayu akatua. "Mama, baraza limetunga sheria! Mgeni asionje maji ya chemchemi yetu. Linangoja neno lako."

Tandala akatazama bondeni. Huko walikuwa ndugu zake, huko walikuwa wanawe.

"Sikubali."

"Watakuchukia, Mama."

"Sikubali."

"Hata wanao?"

"Waambie sikubali."

Sheria ikafa. Wageni wakavuka, wakanywa. Maji yakapungua, yakapungua, yakabaki tope. Ndipo mvua ikanyesha.

Hakufa mtu. Lakini jamaa zake wakipita chini ya mlima hawakuinua macho. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja. Ukaitika upepo.

Muda wake wa kutawala ulipokwisha, akashuka. Mlangoni kwa mwanawe akamkuta mtoto asiyemjua.

"Shikamoo, bibi," mtoto akasema. "Wewe ni mgeni wa nani?"

Haya, wanangu, funzo ndilo hilo: mtawala anayeketi na watunga sheria, neno lake hupita upesi, naye huondolewa upesi. Anayeketi mbali nao huweza kuzuia, kuanzisha hawezi. Na akizuia, hulia peke yake.

Mimi niliwaacha hapo, nikawahi viazi vyangu jikoni. Aliyesinzia akamuulize Ngiri.