Tawi la Juu na Baiskeli ya Bi Raya

Mshika tawi naye mchumaji. Ndivyo nilivyosema, na nitasema tena, hata kama Nasoro ananitazama kama niliyemtukana. Kaja kutoka hotelini na habari njema: picha yake imetundikwa ukutani, Mfanyakazi Bora, na televisheni kapewa. Tumempongeza, tumekula halua yake. Halafu hapo hapo anaanza kulalamika kwamba tangu siku ile chakula kinachelewa kutoka jikoni, wageni wananuna, na yeye hajui kwa nini. Mimi najua. Sogeeni, lakini mikono isisimame. Karafuu hizi hazijichambui zenyewe.

Methali hii ilianza hivi.

Hapa Pemba palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Raya binti Shaame. Mumewe alifariki akamwacha na watoto wadogo na shamba la mikarafuu. Shemeji yake, Seif, akataka alisimamie yeye. Alikuwa akisema shamba halitaki kanga, linataka kanzu. Mjuba yule! Bi Raya hakumjibu kwa matusi, alikwenda kwa wazee. Wazee wakaamua ajaribu msimu mmoja. Karafuu zikichumwa kabla ya kuchanua, shamba linabaki mkononi mwake. Zikichanua mtini, Seif atalichukua. Na nyinyi mnajua, karafuu ikishachanua ni ua tu, haina bei.

Msimu ule mikarafuu ilizaa kupita kiasi, karafuu zikaiva zote kwa mpigo. Bi Raya akawa halali kwa hofu. Akatafuta njia ya kuwatia watu moyo, akakumbuka baiskeli ya marehemu iliyokuwa ukumbini imefunikwa shuka. Akaitoa, akaipaka mafuta, akaiegemeza pale penye jamvi la kupimia. Akawaambia wachumaji: atakayekuwa amechuma karafuu nyingi kuliko wote msimu ukiisha, baiskeli hii ni yake.

Baiskeli siku zile, wajukuu zangu, si mchezo. Mwenye baiskeli aliitwa bwana hata kama suruali ina kiraka.

Sasa sikilizeni desturi, maana shida imejificha hapo. Mkarafuu ni mrefu na matawi yake hukatika upesi. Kijana hupanda juu, akatundika upembo, ile fimbo ya ndoana, kwenye tawi ambalo mkono haulifikii. Kamba ya upembo huteremshwa chini. Chini husimama mtu, mara nyingi mwanamke, akaivuta polepole mpaka tawi linainama mbele ya mchumaji, akalishikilia hivyo hivyo mpaka limalizike. Akivuta kwa pupa, tawi linavunjika. Akiachia ghafla, aliye juu anaanguka. Jioni, kabla ya kwenda kupima, mchumaji humtilia mshika tawi fungu lake kikapuni. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwa hivyo tu.

Aliyekuwa hodari wa kupanda ni Kombo Faki, na mshika tawi wake alikuwa Mize, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali na mikono iliyotulia. Jioni ya kwanza Mize akatega kikapu chake kama kawaida. Kombo akalitazama pakacha lake, akaitazama baiskeli kule kwenye jamvi. Akamwambia fungu lake lingoje, yeye ashinde baiskeli kwanza. Mize hakugombana. Alikunja kamba yake akaenda zake.

Kesho yake Mize akachuma matawi ya chini, yale anayoyafikia kwa mkono, akatia kikapuni mwake mwenyewe. Wanawake wengine wakaona, na wao wachumaji wao walikuwa wameanza kuwanyima. Wakafuata. Nani angewalaumu?

Bi Raya yeye alikuwa haelewi. Siku ya mwanzo marundo yalipanda, akamshukuru Mungu. Baadaye yakaanza kupungua, na watu wanatoka jasho kuliko zamani. Wanakuja alfajiri, wanaondoka kiza kikiingia, hawapumziki, hawaimbi. Akajiuliza: watu wamezidi bidii, karafuu zinapungua, zinakwenda wapi? Akadhani zinaibwa. Akakagua njia, hakuna kitu. Akadhani miti imechoka. Akainua macho akaona vilele vyekundu vimejaa karafuu, vingine vimebakiza siku chache tu vichanue. Seif naye alikuwa akipita kila asubuhi kuvitazama, huku akitabasamu.

Basi Bi Raya akajifunga kibwebwe akaingia shambani mwenyewe. Jambo la kwanza aliloliona ni matawi mabichi yaliyovunjika, yamefichwa chini ya majani. Jambo la pili, hakuna mtu chini ya mti wowote aliyeshika kamba. Kila mtu na tawi lake, kila mtu na pakacha lake. Akafika kwenye mkarafuu mkubwa aliokuwa akiupenda marehemu. Kombo yuko juu, amenyoosha mkono mpaka mbavu zinamtoka, na tawi la kileleni haliguswi. Upembo umetundikwa, kamba inaning'inia bure.

Bi Raya akamuuliza kwa nini hakuwaomba wenzake wamshikie.

"Nimewaomba, Bibi. Kila mmoja ananiambia, nikikushikia wewe, baiskeli itakwenda kwako."

Hapo ndipo Bi Raya alipoelewa zilikokwenda karafuu zake. Hazikwenda popote. Ziko pale pale juu, na aliyezizuia ni yeye na baiskeli yake. Moyo ulimuuma, akakaribia kulia. Kisha akaishika ile kamba akavuta. Tawi likashuka mpaka kifuani kwa Kombo, akachuma mpaka pakacha likafurika. Bi Raya mikono ilimtoka malengelenge, asiachie.

Jioni watu walikusanyika penye jamvi. Kombo akamwaga rundo lake, na hapakuwa na la kulinganishwa nalo. Bi Raya akasimama mbele yake, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Kombo, karafuu hizi kachuma nani?"

"Mimi, Bibi."

"Na mimi leo nimefanya nini?"

Kombo akainamisha kichwa. Ataje vipi kwamba mwenye shamba kashinda juani kwa bure? Mwisho akapiga magoti, akaligawa rundo katikati kwa mkono wake, akasema kwa sauti ya chini:

"Mshika tawi naye mchumaji."

Bi Raya akalichukua lile fungu lake, akalimimina lote kikapuni mwa Mize. Akawaambia watu kwamba ahadi ni deni, baiskeli iko pale pale, lakini alikosea kuitoa kwa mtu mmoja. Kuanzia kesho watapimiwa wawili wawili, aliye juu na aliye chini, rundo moja.

Mnadhani Mize alirudi mbio? Thubutu. Kombo alimfuata mpaka kwake, akaomba radhi mlangoni, akaombeshwa tena. Lakini asubuhi kamba ilikuwa mkononi mwa Mize, na nyimbo zilirudi shambani. Mikarafuu michache ilikuwa imeshachanua pembezoni, na Seif aliihesabu mmoja mmoja, lakini wazee walipokuja walikuta vilele vitupu na majamvi yamejaa, hiyo michache hawakuijali. Shamba likabaki kwa Bi Raya.

Baiskeli waliipata Kombo na Mize. Siku za soko Kombo akiendesha, Mize amekaa nyuma kwenye keria, na upembo wake kaulaza mapajani. Watu walimtania, mama wewe, baiskeli gani hiyo unayobebwa tu? Yeye anawajibu bila kugeuka: "Mshika tawi naye mchumaji."

Haya, Nasoro. Sahani ulizokuwa ukizipeleka mezani upesi hata wakakupiga picha, nani alikuwa akikupakulia?

"Subira," kasema. "Subira wa jikoni."

Na ile halua uliyotuletea sisi, Subira alionja?

Mbona unaangalia chini? Mwachie dada yako hayo makonyo ya karafuu unayochambua. Nenda kapige simu, mwanangu, na usianze kwa kumuuliza chakula. Mshika tawi naye mchumaji.