Mbeli wa Bibi Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Mbona sauti imelegea hivyo? Watoto mmesinzia, au wakubwa ndio mmeshiba mkazidi? Mjomba Shekuwe, kunja huo mguu, mtoto apate pa kukaa. Haya, tuanze upya, na safari hii nataka hata kuku walioko bandani waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Sasa nimesikia watu.

Hapo zamani za kale, mto ulipokuwa bado unanyweka na jirani akipika mchicha lazima akuonjeshe, palikuwa na bonde la wanyama. Zamani zile zilikuwa na ladha, wanangu. Wanyama waliamkiana. Chui alimwamkia paa, na paa akaitikia, ingawa aliitikia akiwa mbali kidogo.

Katika bonde hilo aliishi Bibi Kakakuona. Mnamjua kakakuona? Yule mwenye magamba mwili mzima, ukimgusa anajikunja anakuwa mpira. Kakakuona hana jino. Hata moja! Yeye ni ulimi tu, na chakula chake ni mchwa na siafu. Lakini kucha anazo. Kucha za kuchimbia, mtihani!

Siku moja Bibi alirudi kutoka safari ya pwani, na mbegu zimemnata katikati ya magamba. Zilikuwa mbegu za mti uliopandwa na watu waliotoka Bara Hindi. Sisi kwetu mti huo twauita mbeli, na tunda lake beli. Majani yake hukaa matatu matatu. Miiba yake, usiulize. Na hilo tunda lina gamba gumu kama ubao, hulipasui kwa jino wala kwa kucha. Ndani mna nyama ya rangi ya chungwa, inanata, na inanukia vizuri mno.

Bibi akatafuta mahali karibu na mto. Akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Tumbili akaja kutazama, maana tumbili hana kazi.

"Bibi, wapanda nini?"

"Mbeli."

"Utazaa lini?"

"Mwaka wa nane."

Tumbili akacheka, kwi kwi kwi, akajishika mbavu. "Bibi wee! Jino huna, na uzee huo, mti wa matunda wa nini?"

"Usinihesabie siku, we Tumbili. Na sogea, umesimama juu ya shimo langu."

Akaendelea kuchimba, huku akiimba:

*Chimba, kucha, chimba!*
*Mlaji hajazaliwa!*

Imbeni nanyi. Chimba, kucha, chimba! Mlaji hajazaliwa! Ahaa. Mama Mbodze ana sauti, kumbe alikuwa akituficha.

Mvua zikaja, zikapita. Mwaka wa nane mbeli ukazaa, na Bibi alikuwa hai. Tumbili alinyamaza wiki nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Basi, palikuwa na yatima mmoja, mtoto wa kike wa nguchiro. Bibi alimlea. Na nguchiro, mnajua, ana ufundi wake wa kupasua kitu kigumu. Akipata yai, huligeuzia jiwe mgongo, akalishika yai kwa mikono, akalirusha nyuma katikati ya miguu yake. Kwaa! Limepasuka. Kwa hiyo kazi ya kupasua mabeli ikawa yake.

Lakini Bibi alikuwa na jambo la ajabu. Kila msimu alichuma mabeli mengine yakiwa mabichi, kijani kabisa.

"Bibi," Nguchiro alinung'unika, "tungoje yaive. Haya ni machungu, yanakausha mdomo."

"Pasua, mwanangu."

Kwaa! Kwaa! Bibi anakata vipande kwa kucha, anavianika mwambani. Vikikauka anavitia kibuyuni. Akija mgonjwa wa tumbo la kuhara, Bibi anachemsha vipande vile, anampa anywe kidogo kidogo. Na mwenye choo kigumu anapewa lililoiva, lile tamu. Kila siku Bibi alisema, "Bichi hufunga, bivu hufungua." Kila siku! Na Nguchiro aliitikia "Ndiyo, Bibi," akili yake yote ikiwa kwenye lile tamu. Nani kati yenu anafanya hivyo mamake akisema? Msitazamane.

Tena Bibi alikuwa na kazi nyingine. Alichimba pembeni mwa mti, akaikwaruza mizizi kidogo. Kwenye jeraha la mzizi huchipuka mche. Mche ukipata nguvu, Bibi anaung'oa na kipande cha mzizi wake, anampa jirani. "Kapande. Huu wa mzizi hauna subira kama wa mbegu, miaka mitano tu utakuwa unakula." Majirani wakapokea. Wengine wakapanda, mbuzi wakala. Wengine wakasahau miche uani ikakauka. Bibi hakukasirika. Alichimba mingine.

Kisha Bibi akafa.

Nguchiro alilia mpaka sauti ikamkauka. Baada ya matanga, kila jioni alikwenda kukaa chini ya mbeli. Upepo ukivuma, majani yananukia, naye anamwona Bibi, anasikia kwaru, kwaru, kwaru. Alimkumbuka alivyomfuta pua. Alimkumbuka alivyomkunjia mkia usiku wa baridi. Ee, wanangu, kufiwa na aliyekulea si jambo dogo. Mimi mwenyewe nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yanapikwa, hunipita kitu hapa kifuani.

Ila Nguchiro alifanya kosa, na kosa lake lilitoka kwenye mapenzi. Alisema, "Mti wa Bibi ni mmoja. Usiwe na wa pili." Kila mche uliochipuka mzizini, aliutafuna. Kacha! Ukichipuka mwingine, kacha!

Akaja Ngiri, jirani wa ng'ambo ya mto, mchana kweupe, kofia mkononi.

"Hodi. Hujambo dada. Pole tena na msiba. Nimekuja kuomba mche."

"Hakuna mche."

"Huo hapo kando ya mguu wako?"

Nguchiro akainama. Kacha! "Hakuna."

Ngiri akatazama, akavaa kofia yake, akaenda. Lakini kesho yake Nguchiro alipofika, alikuta shimo upande wa mtoni, na alama za pua ya ngiri. Mche mmoja aliokuwa hajauona umechukuliwa. Lo! Alipiga yowe bonde zima. "Ngiri mwizi! Ngiri kamwibia marehemu!" Tangu siku ile wakanuniana. Ngiri akipita huku, Nguchiro apita kule. Salamu hakuna. Miaka mitano!

Katika miaka hiyo Nguchiro akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja, Chando. Mmoja tu. Chando alikuwa mdaku, mcheshi, kila kitu anauliza. Ndiye aliyekuwa macho ya mamake.

Mwaka ule mvua ikanyesha haijapata kuonekana. Siku tisa. Mto ukapanda, ukapanda, ukavunja ukingo. Ukaula udongo chini ya mbeli. Mti ukalia, kriii! Ukaanguka, gubu! Maji yakaubeba. Nguchiro alisimama mlimani, mtoto mgongoni, akautazama unakwenda na mizizi juu, mpaka ukapotea kwenye kona ya mto.

"Bibi amekufa mara ya pili," akasema.

Maji yalipopungua yaliacha matope na mizoga, na wanyama wakayanywa hivyo hivyo. Chando akaanza kuhara. Siku ya kwanza mara tatu. Siku ya pili, hesabu ikapotea. Macho yakaingia ndani. Akawa hachezi, haulizi kitu.

Nguchiro akakumbuka, mbeli ni dawa! Akakimbia matopeni, papatu papatu, akatafuta. Akapata beli moja limekwama kwenye nyasi, la manjano, limeiva. Akalirusha mwambani, kwaa! Akamlisha mtoto. Chando akala, maana lilikuwa tamu.

Jamani! Tumbo likafunguka kama bomba. Jioni Chando hakuweza hata kuinua kichwa.

Nguchiro akashika kichwa kwa mikono miwili. "Bibi, ulisemaje? Bibi, ulisemaje?" Akajiona mdogo tena, pale mwambani, ananung'unika. Tunda la kijani mkononi. Mdomo umekauka kwa uchungu wake. "Pasua, mwanangu." Na ndipo likamjia. Bichi hufunga, bivu hufungua! Alikuwa amempa mwanawe la kufungua.

Sasa bichi atalitoa wapi? Mbeli wa Bibi umekwenda na maji. Na miche yote aliitafuna kwa meno yake mwenyewe. Yote, isipokuwa mmoja.

Fikirini mguu wake ulivyokuwa mzito, kuvuka ule mto. Alfajiri alimbeba Chando, akavuka mawe mpaka ng'ambo. Kule kwa Ngiri ulikuwa umesimama mbeli, mchanga, mzima, umezungushiwa uzio wa miiba. Na juu yake mabeli matatu, kijani kibichi. Matatu tu. Ulikuwa uzao wake wa kwanza.

"Hodi."

Ngiri akatoka. Akamtazama.

"Karibu," akasema. "Mwizi ndiye mimi. Umekuja kunishitaki, au kuuchukua mti wako?"

"Kaka Ngiri..."

"Leo kaka! Miaka mitano sina jina ila mwizi. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi mtoni."

"Ni kweli. Nilikukosea. Nitukane utakavyo, lakini baadaye. Mwanangu anakufa."

Akamshusha Chando mgongoni. Ngiri akaona ile shingo ilivyolegea. Kofia ikamtoka kichwani.

"Sasa mwanamke wewe, si ungelianza na hilo? Wataka nini?"

"Beli. Bichi."

Ngiri akainua macho kuyatazama matunda yake. Miaka mitano amemwagilia. Ukame wa mwaka juzi alibeba maji kwa mdomo, mara thelathini kwa siku. Kila asubuhi anayahesabu, moja, mbili, tatu, na kuwaambia watoto wake, "Bado kidogo, bado kidogo." Hajapata kuonja beli maishani mwake.

"Hayajaiva," akasema polepole.

"Najua."

"Ukilichuma bichi haliwi tamu tena."

"Najua, kaka."

Ngiri akausogeza uzio, akarudi nyuma hatua nne. Akainamisha kichwa. Akaukimbilia mti. Du! Beli likaanguka. Du! La pili. Akarudi nyuma tena.

"Basi, yanatosha!" Nguchiro akapaaza sauti.

"Kwani unajua atakunywa siku ngapi?" Du! La tatu. "Chukua. Watoto wangu wana tumbo zima, watangoja mwakani."

Nguchiro alilia akiwa anafanya kazi. Akaligeuzia jiwe mgongo. Kwaa! Akakata vipande. Ngiri akawasha moto. Wakachemsha mpaka maji yakawa mekundu. Chando akaonja, akatema. "Chungu!" Mamake akampa tena. Akatema. Akampa tena, kidogo kidogo, ncha ya jani, ncha ya jani. Na maji mengine yote ya kunywa wakayachemsha. Wakakesha hapo hapo kwa Ngiri, siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi tumbo likashika. Adhuhuri Chando akafumbua macho, akasema, "Mama, mbona huyu mjomba ana nywele puani?"

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Na Nguchiro, wanangu, naye akacheka, huku machozi yanamtiririka.

Kabla ya kurudi kwao, Nguchiro aliomba ruhusa. Akachimba kando ya ule mbeli mchanga, akaukwaruza mzizi kama alivyomwona Bibi akifanya. Miche ikachipuka. Hakutafuna hata mmoja. Mmoja alimpandia Pimbi, mmoja kisimani, mmoja njia panda, na mmoja alimpa Tumbili, ingawa alijua ataukalia. Kila aliyepewa alifundishwa, bichi hufunga, bivu hufungua, na aliyarudia maneno mpaka akayasema sawasawa.

Miaka ikapita. Nguchiro akazeeka. Meno yakamtoka. Bado akawa anapanda. Ule aliopanda mwisho, kule juu mlimani, hakuuona ukizaa. Alikufa majani yake yakiwa hayajazidi kumi.

Na leo bonde lile lote ni mibeli. Wagonjwa huja na kupona, watoto huja kula. Ukiwauliza nani alipanda mti huu, watakwambia hawajui, waliukuta. Si Bibi Kakakuona wala Nguchiro anayetajwa. Na matunda yanaanguka tu, gubu, gubu, kwa kila apitaye.

Basi, wenye masikio. Ukimpenda aliyekufa, usiikumbatie kazi yake ukaizuia isikue. Ifanye kazi yake. Na dawa ukifundishwa, sikiliza mpaka mwisho, maana nusu ya maarifa huua.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeutua mzigo wangu mlangoni kwenu. Mjomba Shekuwe, amka, watu wanakwenda kulala.