Kihori cha Kumvusha Raya

Hapo zamani, gati bado halijajengwa, paliondokea mtu akiitwa Mcha. Alikuwa na mashua ndogo, na mkewe Raya alikuwa na mimba ya kwanza. Mimba ya kwanza mke hujifungulia kwao, na kwao Raya ni kisiwa cha pili, ambako maji ni haba, mashua haifiki ufukweni. Lazima ivute nyuma yake kihori, mtumbwi mdogo, abiria ateremkie humo.

Kihori cha Mcha kilikuwa kimeoza. Akawaita ndugu zake watatu, akasema, "Nichagulieni kingine. Atakayemfikisha Raya salama, mtoto nitampa jina lake."

Jina si kitu kidogo. Pandu, mkubwa wao, hakujaliwa mtoto. Vuai alikuwa na mabinti sita. Ussi hata mke hakuwa naye.

Kwa fundi walikuta vihori viwili. Pandu akashika kipana: "Hiki hakipinduki."

Vuai akashika chembamba: "Kaka, hicho kizito. Tutakivuta kama ng'ombe aliyegoma."

Ussi akasema, "Chagueni nyinyi. Mimi nitashika kamba."

Mkubwa ni mkubwa hata akikosea, kikachukuliwa kipana.

Wakakifunga nyuma ya mashua, wakampakia Raya, wakatweka tanga. Mashua ikazorota kwa uzito. Katikati ya mkondo mawimbi yakaja kwa nyuma. Kihori kikapanda wimbi, kikashuka mbio, kikaigonga mashua. Kikapanda tena, kikaigonga tena. Raya akashikwa na uchungu. Ussi akalegeza kamba pima moja, akalegeza pima ya pili, mpaka kihori kikakaa mgongoni mwa wimbi na kufuata kwa adabu.

Walipofika, maji yalikuwa yametoka, bahari imekupwa. Wakamteremsha Raya kihorini, akajinyoosha akalala. Hatua mia kabla ya nchi kavu, kihori kikakwama mchangani. Vuai akaruka, maji ya magoti, akasukuma kwa bega mpaka ngozi ikachubuka. Walipogusa ufuko, mtoto alikuwa keshalia. Mwanamume, mzima.

Siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina, wembe ukaletwa, na kila mmoja akaja na lake.

Pandu akasema, "Nilichagua mimi. Kwenye chembamba angelala wapi?"

Ussi akasema, "Kipana chako, kaka, kilitaka kututobolea mashua. Bila kamba yangu tungezama sote."

Vuai akasema, "Nilionya kuwa ni kizito, mkanipuuza. Kwa chembamba tungewahi kabla maji hayajatoka, mtoto angezaliwa nyumbani kwa bibi yake. Na uzito nilioukataa nikausukuma mimi."

Nyuma ya pazia Raya akasema, "Shemeji zangu, nawashukuru. Lakini nilibana uchungu tangu mkondoni, sikupiga hata ukelele mmoja, msije mkababaika mkatuzamisha. Na marehemu baba yangu naye ana jina."

Mcha akainamisha kichwa. Ahadi ni deni, na mtoto ni mmoja.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msitazamane. Mtoto ananyolewa, watu wanangoja kumwita. Je, nani alistahili jina?